Kalibu za Marlys Skaar

Kwa akina Skaar bunduki hairithiwi kwa kutangulia kuzaliwa. Inarithiwa kwa kifuniko cha kopo la ugoro.

Mzee wa kwanza wa ukoo huo, aliyevunja ardhi ya ngano hapa Montana, ndiye aliyeweka sheria. Mwenye bunduki akiona mikono yake imechoka, anachora duara kwenye karatasi kwa kuzungusha penseli kando ya kile kifuniko, karatasi inasimamishwa kwenye ukingo wa korongo, yadi mia tatu kutoka meza ya kupigia, Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno. Kila mtoto anayeitaka bunduki anaipiga risasi tano mfululizo; moja ikigoma, zamu yake imekwisha. Atakayeziingiza zote kwenye duara anaondoka nayo. Na risasi hizo lazima azitengeneze kwa mikono yake mwenyewe.

Hilo la mwisho halikuwahitaji akina Skaar kulitungia sheria. Huku kwetu, kupiga risasi iliyotengenezwa na mtu mwingine ni kama kuazima mswaki. Huwezi kuona kilichomo. Mwenzako akizidisha baruti kidogo tu kwa sababu simu iliita, bunduki inakupasukia usoni. Orrin Skaar, mwenye bunduki wa sasa, aliwahi kuishiwa risasi kambini milimani wakati paa wakubwa wanapita mbele yake. Mume wangu Delmar akamnyooshea zake, za kipimo kilekile. Orrin akamtazama kama aliyetemewa mate kwenye kahawa, akashuka mlima mikono mitupu. Delmar huisimulia habari hiyo kwa fahari, sijui kwa nini. Mimi ningenuna.

Naitwa Arlene. Nyumba yangu na ya Orrin zinatazamana ng'ambo ya shamba moja la ngano, na nimewapikia hawa wanaume kahawa muda mrefu kiasi kwamba mazungumzo yao yameniingia bila kupenda. Kwa hiyo habari za Marlys nazijua, na zile nisizozijua alinieleza mwenyewe.

Marlys ni binti wa Orrin, mpishi wa shule yetu. Amepita hamsini, ana mabega mapana ya kunyanyua masufuria, na sauti ambayo watoto wote wa mji huu wanaitii kabla hawajasikia inachosema. Alirudi nyumbani mama yake alipougua, mama akafa, baba akabaki, naye akabaki na baba. Hakuna aliyemwomba. Katika mji huu mambo ya namna hiyo hayaombwi, yanaachwa tu mpaka mwanamke mmoja ayaokote.

Marlys na kaka yake Rolf walipokuwa wadogo, Orrin alimchukua Rolf kwenye chumba cha chini ya nyumba, kwenye meza ya kutengenezea risasi, na kufunga mlango. Marlys aliruhusiwa kuleta kahawa. Aliweka sinia katikati ya ngazi, akagonga ukutani, akapanda juu. Aliniambia kwamba mpaka leo anaijua harufu ya chumba kile, mafuta ya bunduki na chuma, lakini hajui rangi ya kuta zake. Mama yake alipokufa, bado mlango ule ulikuwa haujamhusu.

Mwaka huu, majira ya kuchipua, Orrin alikuwa anajimwagia asali ya miti kwenye chapati zake za asubuhi. Mkono ukatetemeka, asali yote ikaenda mezani. Rolf alikuwepo, amepitia kahawa. Mzee akaitazama asali inavyosambaa.

"Mikono imekwisha," akasema. "Baada ya mavuno mtapiga."

Rolf akaitikia kwa kichwa taratibu. Amekuwa bingwa wa klabu yetu ya shabaha miaka mingi, vikombe vyake vimejaza dirisha. Neno "mtapiga" alilisikia kama "utapiga".

Marlys alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka. "Na mimi nitapiga."

"Wewe?" Rolf akacheka. "Dada yangu, utapiga na nini? Na mwiko?"

"Bunduki naijua tangu tukiwa watoto. Kulungu wa mwaka juzi ulimla, au siyo? Nani alimpiga?"

"Kwa risasi za dukani! Hapa tunasema risasi zako mwenyewe. Hujawahi hata kushika mtarimbo wa mashine ya kutengenezea."

"Basi nitaushika."

Wote wawili wakamtazama mzee. Orrin alifuta asali kwa kitambaa, akaikosea nusu. "Sheria haikusema mwanamume," akasema. Marlys akapata moyo. Halafu mzee akaongeza, "Lakini vya kule chini ni vyangu. Tafuta vyako."

Akatafuta. Mashine ya mkono aliinunua mnadani kwenye shamba la marehemu mmoja, akaikaza kwa skrubu kwenye meza ya jikoni ambapo mama yake alikuwa akifungia matunda kwenye chupa. Kilichobaki ni kalibu, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Nieleze kidogo. Ganda la risasi likishapigwa linavimba na kujaza chemba ya bunduki, pale risasi inapokaa na kufungiwa kwa komeo. Ili ulitumie tena unalisukuma ndani ya kalibu, kipande cha chuma kigumu chenye tundu, nayo inalibana lirudi umbo. Kuna kalibu inayobana shingo peke yake, pale kichwa cha risasi kinaposhikiliwa. Kuna inayobana ganda zima, shingo, bega na mwili. Halafu kuna nyingine ya kukalishia kichwa kwa urefu unaoutaka. Basi. Ni hayo tu, lakini nawajua wanaume wawili hapa ambao hawasalimiani kanisani kwa sababu ya hayo tu.

Jumamosi moja tulikwenda duka la Gus, mimi, Delmar na Marlys. Rolf tukamkuta ameegemea kaunta kama amezaliwa pale.

"Kwa bunduki ipi?" Gus akauliza.

"Ya Baba."

"Ooo, ile! Chemba aliichonga mwenyewe yule mzee. Imebana kama suruali yangu baada ya Krismasi." Akainama chini ya kaunta, akaibuka na kasha jeusi lililotandikwa sifongo ndani kama la pete ya uchumba. "Chukua hii. Ina pete za kubadilisha, unachagua mwenyewe shingo ibanwe kiasi gani. Na hii ya kukalishia ina kipimo juu, unazungusha kama redio."

"Pete ya kipimo gani?"

"Inategemea unene wa ganda, na aina ya ganda, na kama umelichonga shingo, na..."

"Gus, mimi naanza."

"Ndiyo maana nakuuzia kitu ambacho hutakuja kukibadilisha!"

"Mchagua jembe si mkulima," Rolf akasema, huku akichagua bisi kwenye bakuli la Gus. "Chukua ya shingo tu, dada. Ganda likishapigwa kwenye bunduki ya Baba limepata umbo la bunduki ya Baba. Ya nini kulibana mwili? Ili uliharibu? Mimi sijabana mwili wa ganda tangu nilipokuwa na nywele."

"Rolf, wewe unapiga karatasi," Delmar akasema. "Karatasi haikimbii. Marlys, sikiliza, chukua ya kubana lote."

"Haya, mzee wa kubana lote. Kikombe chako kiko dirisha gani?"

Delmar akageukia bakuli la bisi. Hana kikombe.

Marlys alisimama katikati yao akigeuza shingo kama anayetazama mchezo wa tenisi. Hatimaye akauliza swali ambalo mimi ningeuliza mwanzo: ipi ni rahisi kwa mtu asiyejua? Wakamjibu wote watatu kwa pamoja, kila mmoja na yake. Tukatoka mikono mitupu.

Nyumbani alimwuliza baba yake. Orrin alikuwa kwenye kiti chake mbele ya televisheni. "Sikuchagulii," akasema. Marlys alipogeuka kuondoka, mzee akanyanyua mkono wa kulia unaotetemeka, akaonyesha kidole cha mwisho, kile kidogo. "Komeo la bunduki lifunge kwa hiki. Likikikataa kidole hiki, hiyo si risasi."

Marlys alidhani baba anasema habari za ugonjwa wake. Alimhurumia, akamletea blanketi.

Akanunua kalibu ya shingo, kama alivyosema Rolf. Namwelewa. Ukitaka kujua kupika unamwuliza mwenye mgahawa uliojaa watu, siyo Delmar wangu. Na Rolf hakumdanganya, nataka hilo lieleweke. Alimpa alichokiamini. Ile ya kukalishia, yenye kipimo kama redio, akaichukua kwa Gus, na hiyo haikumsumbua hata siku moja.

Kiangazi kizima walipokezana bunduki, Jumamosi hii Rolf, ijayo Marlys. Mpishi huyu alijifunza. Kupima baruti hakukumsumbua, maana mtu anayepima hamira kwa ajili ya shule nzima hapuuzi punje. Simu aliizima. Matundu yake kwenye karatasi yakaanza kusogeleana kama watu wenye baridi. Kila alipovuta mtarimbo jikoni, nyumba nzima ilisikia. Orrin alikaa kimya kwenye kiti chake, lakini masikio ya mzee yule hayakuzeeka pamoja na mikono.

Katikati ya Agosti tulikuwa jikoni kwangu, tukitayarisha bakuli la viazi na nyama la chakula cha kanisa. Akaniambia, kama jambo la kupita, "Arlene, komeo limeanza kuwa gumu. Inabidi nisukume na kiganja."

"Ni vibaya?"

"Sijui. Lakini inapiga vizuri kuliko mwanzo!"

Usiku ule nikamweleza Delmar. Delmar akaweka uma chini. Mume wangu haweki uma chini kwa jambo dogo.

"Ganda linavimba kila anapolipiga," akasema, "na yeye anabana shingo tu. Mwili hauna nafasi tena humo ndani. Siku moja litaingia nusu na kugoma."

"Basi kamwambie."

"Nilimwambia. Dukani."

"Delmar."

Akaenda kumwambia. Marlys akaingia jikoni kwake, akachukua ganda tupu lililopigwa mara nyingi na kubanwa shingo tu, akaliweka kwenye chemba, akasukuma komeo kwa kidole cha mwisho. Halikusogea. Akatazama sebuleni alikokaa baba yake, ambaye macho yake yalikuwa kwenye televisheni. Hapo ndipo alipojua kwamba siku ile ya kidole mzee hakuwa analalamikia ugonjwa, alikuwa anamfundisha.

Kalibu ya kubana lote ilimpasa aiagize, maana kwa ile bunduki Gus alikuwa ameiuza ya mwisho. Ilifika juma lenyewe la shindano. Gus akamkabidhi akitabasamu, "Wote huirudia hii," kisha akafunga duka kwenda kwenye maonyesho ya kilimo mjini. Ijumaa Marlys alitoka shuleni ananuka vitunguu, akaketi kwenye mashine. Hakuwa na siku nyingine.

Ganda la kwanza likaingia, likatoka. La pili hivyo hivyo. La tatu likaingia, mtarimbo ukasimama. Akavuta. Akavuta kwa mikono miwili. Kitako cha ganda kikachanika, mtarimbo ukapanda mtupu, na ganda likabaki ndani ya kalibu, limekwama kama kizibo.

Alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona ajali. Tukavuka shamba kwa pikapu. Tulimkuta amesimama mbele ya meza, mikono ameining'iniza.

"Mafuta," Delmar akasema alipochungulia. "Hukulipaka mafuta ya kutosha. Ile ya shingo haidai mafuta, hii inadai."

"Nilipaka!"

"Ulipaka kama unavyopaka siagi kwenye mkate wa watoto wa shule."

Alichekeshwa na hilo huku machozi yanamtoka, na mimi nikaudhika kwa ajili yake. Miezi yote ile, kahawa zote zile za katikati ya ngazi, na mlango unakuja kufungwa na tone la mafuta! Kalibu ile ingeharibika, zingebaki zile risasi zake zinazokataa kidole, na alishajua kuwa hizo si risasi.

"Kila anayetengeneza risasi amewahi kukwamisha ganda," Delmar akasema. "Anayesema hajawahi, ama mwongo ama kaanza jana. Chukua drili."

"Fanya wewe, Delmar. Nitaiharibu."

"Siwezi. Ni mikono yako au hakuna." Akatia mikono yake mifukoni, kabisa, ili isije ikamsaliti. "Toboa katikati ya kitako. Polepole. Ukigusa ukuta wa kalibu, umekwisha."

Sebuleni, sauti ya televisheni ikapunguzwa. Niliisikia ikishuka mpaka ikazima.

Marlys akatoboa. Vumbi la shaba likawa linaanguka kwenye kitambaa cha meza cha mama yake. Akakata uzi wa skrubu ndani ya tundu, akaingiza boliti, akaweka pete ya chuma chini yake na kuanza kukaza kwa spana. Alikaza, akapumzika, akakaza. Boliti ikalia. Nilidhani imekatika, nikafumba macho. Kisha kukawa na mlio kama wa chupa ya matunda inayofunguliwa, na ganda lilikuwa mkononi mwake, limejikunja, baya, tupu.

Delmar akaichukua kalibu, akaimulika ndani kwa tochi, akaigeuza mara kadhaa. "Safi," akasema.

Sebuleni televisheni ikapandishwa sauti.

Sisi tukaondoka, lakini aliniambia baadaye alivyofanya. Aliishusha kalibu ile kidogo kidogo kwenye mashine, unywele kwa unywele, na kila mara akajaribu ganda tupu kwenye bunduki mpaka komeo lilipofungwa kwa kidole cha mwisho. Ganda lililokataa kidole alilitupa. Akapaka mafuta. Akatengeneza tano, na moja zaidi, kwa sababu mpishi wa shule hapiki idadi kamili. Daima kuna sahani moja ya mtu asiyetarajiwa.

Jumamosi upepo ulikuwa unapumua kwa vipindi juu ya mabua ya ngano. Tulikuwa watano tu: Orrin, watoto wake, Delmar na mimi na birika la kahawa. Rolf alianza kwa kuwa ni mkubwa.

Mungu anisamehe, nilitamani akose. Hakukosa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye darubini yangu niliona tundu moja tu likipanuka. Lakini niliona na kitu kingine. Kila alipofunga komeo, kiwiko chake kiliinuka juu zaidi. Nikamtazama Orrin. Orrin hakuwa anatazama karatasi kabisa. Alitazama kiwiko.

Ya nne. Tundu lilelile.

Ya tano akaisukuma, komeo likasimama. Akasukuma tena.

"Rolf," Orrin akasema. "Kidole."

"Imebaki moja, Baba."

"Nimesema kidole."

Rolf akapiga komeo kwa kiganja, kwa nguvu zake zote za mkulima. Likaenda nusu na kuganda. Akalivuta, halirudi. Akalisukuma, haliendi. Risasi nzima, ina baruti na fataki, imekwama ndani ya bunduki ambayo haijafunga.

Delmar alinivuta kwa koti mpaka nikamwaga kahawa. Marlys akarudi nyuma. Ni Orrin peke yake aliyekwenda mbele, kwa zile hatua zake za kuburuza.

"Ondoa mkono kwenye triga. Mtutu ubaki umeelekea korongoni. Usilipige komeo tena."

Rolf alikuwa mweupe kama unga. "Mara ya mwisho iliingia, Baba. Nilijua itakubali mara moja zaidi."

"Ulijua, au ulitegemea?"

Delmar akaleta nyundo ya mpira kutoka kwenye pikapu. Rolf akaanza kugonga komeo kwa chini, tok, tok, taratibu, uso wake ameugeuzia pembeni. Kila mlio nilijiona tayari nipo mazishini. Komeo likasogea. Likasogea tena. Likafunguka, risasi ikatoka, ikaanguka kwenye nyasi, na sote tukavuta pumzi ambayo tulikuwa tumeisahau.

Rolf akapeleka mkono kwenye kasha lake kuchukua nyingine.

"Hapana," Orrin akasema. "Mfululizo."

"Baba! Nne kwenye tundu moja! Nani hapa anaweza?"

"Hakuna. Nimeona. Lakini paa wako wa tano ameshafika Kanada."

Rolf akasimama pale mtu mzima, mwenye wajukuu, kasha lake bado liko mkononi. Sikumtakia mabaya tena. Alikwenda akaketi kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, akaangalia viatu vyake.

Delmar akamulika chemba na mtutu, akathibitisha hauna kitu. Marlys akakaa mezani.

Aliingiza ya kwanza, akaweka kidole kile kidogo kwenye komeo, nalo likajifunga kama kabati la jikoni. Ndani. Ya pili, ndani, mbali na ya kwanza. Hakuwa Rolf, na hakujifanya. Ya tatu, ya nne, zote ndani lakini zimetawanyika. Ya tano alipoishika, upepo ukaamka. Utepe tulioufunga kwenye mti wa uzio ukanyooka pembeni. Akangoja. Upepo ukashuka, akashusha pumzi, upepo ukaamka tena. Nilitaka kupiga kelele kwamba apige tu. Akangoja mpaka shingo yangu ikauma. Utepe ulipoinama akafyatua, na nikaona vumbi la korongo likiruka.

Tukaenda kwa pikapu kuitazama karatasi yake, kando ya ile ya Rolf. Nne zilikuwa ndani. Ya tano ilikuwa juu ya mstari, nusu huku, nusu kule.

Orrin akatoa kifuniko chenyewe mfukoni. Mkono ulitetemeka, kifuniko kikacheza juu ya karatasi, hakikutaka kutulia. Rolf ndiye aliyekuja kukishika kwa ajili yake. Akakilaza sawasawa kwenye duara, akatazama.

"Imegusa mstari," Rolf akasema. "Mstari unahesabiwa. Wewe ndiye uliyenifundisha, Baba."

Hilo lilimgharimu, na nilimpenda kwa ajili yake.

Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alirudisha kifuniko mfukoni, akapanda pikapu, tukarudi mezani. Nilipandwa na hasira, nilitaka kumtikisa mzee wa watu. Mtoto wake amesubiri nusu ya umri wake katikati ya ngazi, na bado anamnyima neno moja!

Orrin akazunguka meza, akaketi kwenye kiti cha mpigaji. Hakuwa ameketi hapo miaka miwili. Akanyoosha mkono nyuma, kiganja juu, bila kugeuka.

"Umebakiwa na yoyote?"

Marlys hakuelewa. "Ipo moja, Baba. Ya ziada."

"Ilete."

Delmar alisahau kufunga mdomo. Rolf alisimama kutoka kwenye pikapu. Marlys alitoa risasi ile mfukoni na kuitazama, na nikaona hofu usoni mwake, hofu kubwa kuliko ya asubuhi yote, kwa sababu sasa aliyekuwa nyuma ya komeo hakuwa yeye.

"Baba, nimeitengeneza mimi."

"Najua. Nilikusikia."

Akaipokea. Ilichukua muda kuipata chemba, vidole vikigonga gonga chuma, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha akaweka kidole cha mwisho kwenye komeo. Vidole vingine vyote vilikuwa vinatetemeka. Komeo likafunga.

Akafyatua. Risasi ilikwenda hatujui wapi, labda Kanada kwa yule paa, na mzee akacheka, kicheko kikavu, cha kwanza nilichokisikia tangu tumzike mkewe. Akafungua komeo, akatoa ganda lenye joto, akamwekea binti yake mkononi na kulifunga ndani ya ngumi yake. Bunduki akaiacha pale mezani, upande wa Marlys.

"Kesho shusha vifaa vyako chini," akasema. "Meza ya jikoni inalegea, nasikia kila unapovuta. Na uje na kahawa mbili."